Ngiri ya mfuko wa chakula kupanda kifuani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wagonjwa wa Moshi na Arusha

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila kliniki: kwenye benchi la kusubiria, kwenye simu za watoto walioko Dar, na kwa mgonjwa aliyetoka kwenye kipimo na karatasi mkononi akaambiwa ana ngiri ndani ya kifua. Kila jibu linajitegemea, kwa hiyo unaweza kwenda moja kwa moja kwenye lile linalokuhusu. Kama muda wako ni mdogo, soma swali la 6 na la 27 kwanza. Halafu rudi kwa daktari aliyekupima, maana yeye ameona ndani ya tumbo lako na sisi hatujaona.

## Kuuelewa ugonjwa

1. Ngiri hii ni kitu gani hasa?

Kati ya kifua na tumbo kuna msuli mpana uitwao kiwambo. Ndio unaoshuka na kupanda unapopumua. Umio, ule mrija wa takribani sentimita 25 unaopeleka chakula kutoka kooni, lazima upite kwenye tundu la kiwambo hicho ndipo ufike kwenye mfuko wa chakula. Tundu likilegea, sehemu ya juu ya mfuko hupenya na kupanda kifuani, kama kifungo kinavyochomoka kwenye shati lililochakaa.

Misuli inayozunguka tundu hilo ina kazi nyingine: hubana mwisho wa umio ili asidi isipande. Mfuko ukishahama mahali pake, ubanaji unapungua na asidi inapata njia. Ndiyo maana wengi wanaanza kwa kulalamika kiungulia. Ngiri yenyewe mara nyingi haiumi, na wapo watu wengi wanaoishi nayo hadi uzeeni bila kujua.

2. Nimezoea kusikia ngiri ni ya wanaume. Mbona mke wangu ameambiwa anayo?

Unayoifikiria ni ngiri ya kinena, ambayo kweli huwapata zaidi wanaume. Hii ya kiwambo huwapata wote, na zile kubwa sana tunaziona zaidi kwa kina mama wenye umri mkubwa. Haihusiani na nguvu za kiume, uzazi, wala maumivu ya kiuno. Mtu akikuuzia dawa moja ya "ngiri zote", usinunue.

3. Imesababishwa na nini? Nilibeba mizigo mlimani kwa miaka mingi.

Sababu kubwa ni umri: tishu zinazoshikilia umio kwenye tundu lake hulegea kadiri miaka inavyokwenda. Kinachofuata ni chochote kinachoongeza msukumo ndani ya tumbo, yaani unene, mimba, kikohozi cha muda mrefu, kujikamua chooni kwa sababu ya choo kigumu, na kunyanyua vitu vizito. Wachache huzaliwa na tundu pana, na wengine huipata baada ya ajali.

Kwa wagumu wa Kilimanjaro, yaani wapagazi wa mlimani, kikomo cha mzigo kilichowekwa ni kilo 20, na kina sababu zake. Hata hivyo hatuwezi kumwambia mtu mmoja kwamba ngiri yake imetokana na kazi hiyo, maana mwenzake aliyebeba mzigo uleule miaka ileile hana. Usijilaumu. Tuangalie mbele.

4. Nimeambiwa yangu ni "inayoteleza". Kuna aina ngapi?

Madaktari huhesabu nne, lakini kwako kuna tofauti moja ya kujali. Aina ya 1, inayoteleza, ndiyo ya wagonjwa takribani 95 kati ya 100: maungio ya umio na mfuko hupanda na kushuka, na shida yake kubwa ni asidi. Aina ya 2 hadi ya 4 ni zile ambazo mfuko unapanda pembeni ya umio, wakati mwingine ukiburuta na utumbo mpana. Hizi ni chache, ila ndizo zinazoweza kujisokota. Muulize daktari wako: "Yangu inateleza, au imepanda pembeni?" Mengi ya matibabu yanategemea jibu hilo.

## Dalili, na mambo yanayofanana nazo

5. Nimetibiwa vidonda vya tumbo mara kadhaa bila kupona. Inawezekana ni hii?

Inawezekana kabisa. Huku kwetu kila maumivu ya chembe ya moyo huitwa vidonda vya tumbo, na mgonjwa hupewa dozi ya kuua bakteria wa tumboni bila kuchunguzwa ndani. Dozi hiyo inafaa sana kwa mwenye bakteria hao, lakini haiwezi kubana tundu lililolegea.

Dalili zinazoelekea kwenye ngiri ni kiungulia kinachozidi ukiinama kufunga viatu au ukilala mara baada ya kula, kucheua maji machungu usiku hadi mto unalowa, sauti kukwaruza asubuhi, kikohozi kikavu kisichoisha, na kushiba haraka. Ngiri kubwa huweza pia kuleta kuhema baada ya kula, kwa sababu mfuko uliojaa unachukua nafasi ya mapafu.

6. Chakula kinakwama kifuani ninapomeza. Si ni ngiri tu?

Usikubali jibu hilo kabla ya kuchunguzwa kwa kamera, na tunalisema hili kwa uzito wote. Ukanda wa Afrika Mashariki, Kilimanjaro ikiwemo, una saratani ya umio kwa wingi kuliko sehemu nyingi za dunia, na dalili yake ya kwanza ni hiyohiyo: kwanza nyama inakwama, kisha ugali, kisha uji, na mwisho hata maji. Watu hupoteza miezi wakimeza dawa za asidi na kujikatia vyakula kimoja kimoja. Wanapofika hospitali, uvimbe umeshaziba njia.

Ngiri nayo huweza kukwamisha chakula, hasa ikiwa kubwa au asidi ikiwa imeacha kovu. Lakini kutofautisha hayo mawili kwa kusimuliana haiwezekani. Kama chakula kinakwama, kama unapungua uzito bila kutaka, kama unatapika damu au unapata choo cheusi kama lami, omba rufaa ya endoskopi, yaani kipimo hicho cha kamera, wiki hii.

Na kuhusu chai: mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka vinywaji vya moto zaidi ya nyuzijoto 65 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio. Watafiti waliopima chai jinsi inavyonywewa Kilimanjaro waliikuta kwa wastani juu ya kiwango hicho. Hakuna anayekukataza chai. Imimine, iache ipoe dakika chache, ndipo unywe.

7. Nitajuaje kama maumivu ya kifua ni asidi na si moyo?

Peke yako huwezi kujua kwa uhakika, na hata daktari huanza kwa kupima moyo. Maumivu yanayobana katikati ya kifua, yanayokwenda mkononi au kwenye taya, yenye jasho jembamba au kuhema, hasa kwa mwenye presha, kisukari au anayevuta sigara, ni ya kukimbilia hospitali. Moyo ukishathibitishwa kuwa salama, ndipo tuzungumzie asidi.

8. Bibi yetu kila akipimwa damu iko chini. Ameongezewa mara mbili. Ngiri inahusikaje?

Mfuko uliopanda hukwaruzana na ukingo wa kiwambo kila anapopumua. Pale kwenye mkunjo hutokea michubuko myembamba inayovuja damu kidogo kidogo kwa miezi. Haoni damu popote, ila anachoka, anahema akipanda mlima wa kwenda kanisani, na damu haipandi hata akila matembele kila siku. Kwa mama mzee mwenye upungufu wa damu usioeleweka, endoskopi inapaswa kuwemo kwenye vipimo. Ngiri ikiwa ndiyo chanzo, ni mojawapo ya sababu nzuri za kufikiria upasuaji (tazama swali la 15).

## Vipimo

9. Kumeza ule mpira wa kamera kunauma?

Hakuumi kama watu wanavyosimuliana, ila hakupendezi. Unakuja hujala kwa saa 6 hadi 8. Unapuliziwa dawa ya ganzi kooni, chungu kidogo, na baada ya dakika chache unahisi koo limevimba wakati halijavimba. Unalala ubavu wa kushoto, unang'ata kipete cha plastiki ili usiume mpira, na muuguzi anakushika kichwa akikukumbusha kitu kimoja: pumua kwa pua, mate yaache yatiririke, usiyameze. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa, wanajaribu kumeza mate na kupaliwa. Ukiyaacha yatoke, kipimo chenyewe ni dakika 5 hadi 10.

Baadhi ya hospitali hutoa dawa ya usingizi mwepesi. Ukipewa hiyo, njoo na mtu wa kukurudisha nyumbani, na siku hiyo usiendeshe gari wala bodaboda. Ukikatwa kinyama kidogo cha kupeleka maabara usiogope. Hukihisi, na ndicho kinachotoa majibu ya uhakika.

10. Ripoti yangu ina namba: sentimita 36, sentimita 40, na "daraja B". Maana yake nini?

Namba hizo hupimwa kuanzia kwenye meno ya mbele. Ikiandikwa kwamba umio unakutana na mfuko kwenye sentimita 36, na alama ya kiwambo iko kwenye 40, basi sentimita 4 za mfuko ziko juu ya kiwambo. Hiyo ndiyo ngiri yako. Tofauti ya chini ya sentimita 2 haina uzito mkubwa, kwani hata kupumua wakati wa kipimo kunaweza kuisogeza.

Herufi A hadi D hueleza michubuko ya asidi kwenye umio: A ni kidogo, D ni mbaya. B ni ya wastani na hupona kwa dawa. Wengi huja wakiwa na hofu ya sentimita wakati kilichopaswa kuwashughulisha ni herufi.

11. Kwa nini natumwa tena eksirei ya kunywa dawa nyeupe?

Kamera inaonyesha ukuta wa ndani. Dawa nyeupe ya beriamu inaonyesha umbo lote: mfuko uko wapi, umejisokota au la, umio unasukuma chakula vizuri au umelegea. Kwa ngiri kubwa, mpasuaji atataka pia sitiskani (CT scan).

Kabla ya upasuaji ni lazima ijulikane kwamba umio wako una nguvu ya kusukuma. Upo ugonjwa ambao mlango wa chini wa umio haufunguki, na mgonjwa naye hucheua chakula kama mwenye ngiri. Akifungwa mfuko kuzunguka umio (tazama swali la 16), hatameza tena. Kama hukupimwa jambo hili, uliza.

## Kuishi nayo bila kisu

12. Nimeambiwa nina ngiri. Lazima nipasuliwe?

Kwa ngiri inayoteleza, wagonjwa walio wengi hawahitaji. Utafiti mmoja mkubwa wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2011 uliwafuatilia watu wenye ugonjwa wa asidi kwa miaka 5, nusu wakitumia vidonge na nusu wakiwa wamepasuliwa kwa matundu madogo. Waliobaki vizuri walikuwa asilimia 92 kwa vidonge na asilimia 85 kwa upasuaji. Njia zote mbili zinafanya kazi, na anayekuambia kisu ndiyo tiba pekee ya ngiri ndogo anakukosea.

13. Nile nini, na nilale vipi?

Anza na kulala, maana ndiko kunakoleta nafuu ya haraka. Inua kichwa cha kitanda sentimita 15 hadi 20 kwa kuweka matofali au vipande vya mbao chini ya miguu miwili ya kitanda upande wa kichwani. Mito mitatu haisaidii; inakukunja kiunoni na kuongeza msukumo tumboni. Lala ubavu wa kushoto. Acha yapite masaa 3 kati ya mlo wa mwisho na kitanda.

Sherehe zetu ndizo mtihani. Harusini chakula hutoka saa nne usiku, sahani inajazwa kwa heshima ya mgeni, na saa sita watu wanalala. Kula nyumbani saa kumi na mbili jioni, na ukumbini onja kidogo. Mwenyeji hataona. Krismasi nayo, familia zikipanda migombani, kuna kisusio, nyama choma na mbege kwa siku nzima. Gawa kidogo kidogo na usilale mchana baada ya nyama.

Orodha ndefu za vyakula vilivyokatazwa hatuzipendi, kwa sababu mgonjwa huishia kula wali mtupu. Mafuta mengi, pombe, soda, pilipili, nyanya nyingi na kahawa huwasumbua wengi, lakini si wote. Kata kimoja kwa wiki mbili. Kama hakuna tofauti, kirudishe. Maziwa hutuliza kwa muda mfupi kisha asidi hurudi. Kwa mwenye uzito mkubwa, kupunguza kilo kunasaidia kuliko kukata chakula chochote kimoja. Na sigara, acha.

14. Nimemeza omeprazoli kwa miaka. Haitaniharibu figo?

Kwanza hakikisha unaimeza inavyotakiwa: nusu saa kabla ya kula, si baada ya kula wala pale unapohisi moto. Wengi wanaosema dawa imegoma walikuwa wakiimeza vibaya.

Matumizi ya miaka mingi yamehusishwa na upungufu wa vitamini B12 na magnesi, mifupa dhaifu na maambukizi ya tumbo. Yapo pia matatizo ya figo, ingawa si ya kawaida. Kwa mwenye michubuko mikali, faida inazidi hatari hizo. Kwa mwenye kiungulia cha hapa na pale, dozi ndogo au ya muda inatosha. Tatizo letu kubwa ni mtu kujinunulia duka la dawa kwa miaka 6 bila kuchunguzwa hata mara moja. Ukitaka kuacha, punguza taratibu, kwani ukikatisha ghafla asidi hurudi kwa nguvu kwa wiki chache na utadhani umezidiwa.

Angalia pia dawa nyingine unazomeza. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni huchubua mfuko. Doksisaiklini ikikwama kwenye umio huunguza kidonda pale pale. Imeze ukiwa umeketi, kwa glasi nzima ya maji.

Kukandwa tumbo, kufunga mkanda, juisi ya kabichi: vinarudisha mfuko mahali pake?

Hapana. Mfuko uko nyuma ya mbavu na moyo, mkono haufiki. Mkanda unaobana huongeza msukumo na kuusukuma juu zaidi, na kwa ngiri iliyopanda pembeni kukandwa ni hatari. Juisi ya kabichi haina madhara. Kunywa ukipenda, ila usiache dawa kwa ajili yake.

## Upasuaji

15. Basi ni nani anayehitaji upasuaji?

Mwenye ngiri iliyojisokota au kukosa damu, huyo ni wa dharura. Mwenye ngiri iliyopanda pembeni na inayomletea dalili: maumivu baada ya kula, kutapika, kuhema, au damu kushuka kama bibi wa swali la 8. Mwenye asidi iliyothibitishwa ambaye dawa sahihi zimeshindwa, hasa anayecheua chakula usiku na kupaliwa, kwa sababu vidonge hupunguza ukali wa asidi lakini havizuii kimiminika kupanda. Na kijana ambaye dawa zinamsaidia lakini hataki kuzimeza maisha yake yote. Huyo ana haki ya kuchagua, akishaelezwa mabaya na mazuri.

Ambaye dawa hazikumsaidia hata kidogo asikimbilie kisu. Mara nyingi maana yake ni kwamba asidi haikuwa tatizo.

16. Wanafanya nini hasa ndani ya tumbo?

Ukiwa kwenye nusu kaputi, mpasuaji anaushusha mfuko kutoka kifuani na kutoa utando ulioufuata. Kisha anaulegeza umio mpaka sentimita 2 hadi 3 zake zikae tumboni bila kuvutwa. Hatua hii ikifanywa kwa haraka, ngiri hurudi. Baada ya hapo anashona misuli ya tundu ikaribiane. Tundu likiwa pana sana, anaweza kuongezea wavu.

Mwisho anachukua sehemu ya juu ya mfuko na kuizungusha nyuma ya umio, akaishona iwe mlango mpya wa kuzuia asidi. Kuzungusha nyuzi 360 ni mtindo wa Rudolf Nissen, mpasuaji Mjerumani aliyeuchapisha mwaka 1956. Kuzungusha nyuzi 270 kwa nyuma ni mtindo wa Toupet. Wa kwanza unabana zaidi. Wa pili unaacha nafasi ya kubeua na kumeza kwa urahisi. Wapasuaji wazuri hutofautiana hapa, na jibu linategemea nguvu ya umio wako (swali la 11).

17. Matundu madogo au kupasua tumbo?

Tangu mwaka 1991 kazi hii imekuwa ikifanywa kwa matundu, kwa kawaida 5, kila moja la nusu sentimita hadi sentimita 1 hivi. Maumivu ni machache, mgonjwa hulala siku 1 hadi 3 na kidonda hakisumbui. Kupasua bado kuna nafasi yake: dharura, makovu ya upasuaji wa nyuma, au damu isiyozuilika. Ukisaini kibali cha matundu, unasaini pia kwamba wanaweza kulazimika kufungua. Wakifungua si kwamba wameshindwa, wamekulinda.

18. Hatari zake ni zipi?

Zilizo adimu lakini nzito ni kutobolewa umio au mfuko, kuvuja damu kwenye bandama, hewa kuingia kifuani, na damu kuganda miguuni. Kwa mtu mwenye afya anayepasuliwa kwa kupangiwa, kifo ni nadra sana. Kwa mzee aliyeletwa usiku mfuko umeshakufa, hatari ni kubwa mno. Zile za kawaida zaidi ni shida ya kumeza na gesi, zilizoelezwa kwenye swali la 21 na 22.

19. Nianzie wapi hapa kaskazini, na gharama ikoje?

Anzia kituo kilicho karibu yako na upate barua ya rufaa. Mawenzi ni hospitali ya rufaa ya mkoa kwa Moshi, Mount Meru kwa Arusha, na KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971 ndiyo ya rufaa ya kanda. Bila barua, mwenye bima hujikuta analipa mfukoni.

Gharama hutofautiana kwa hospitali na aina ya bima, kwa hiyo omba makadirio kwa maandishi, yakitaja endoskopi, maabara ya kinyama, chumba cha upasuaji, nusu kaputi, vifaa vya matundu na wavu. Vifaa ndivyo vinavyoshtua familia dakika za mwisho. Uliza pia kama ndugu watatakiwa kuchangia damu. Na muulize mpasuaji bila aibu: "Daktari, upasuaji huu unaufanya mara ngapi?" Anayeufanya mara nyingi hatachukia swali hilo.

## Baada ya upasuaji

20. Nimepasuliwa tumbo, mbona bega ndilo linauma?

Ni gesi waliyoijaza tumboni ili waone vizuri. Inagusa kiwambo, na neva ya kiwambo hupeleka maumivu yake begani. Tembea wodini, tumia dawa za maumivu ulizopewa. Huisha ndani ya siku chache. Bega likiuma pamoja na homa, au kuhema kukizidi, mwite muuguzi.

21. Nitakula nini, na kwa nini chakula kinakwama sasa wakati nimetibiwa?

Sehemu iliyoshonwa huvimba, kwa hiyo kumeza kwa shida wiki za mwanzo ni kawaida. Wiki ya kwanza ni vya maji: uji wa ulezi uliochujwa, supu, maziwa, maji. Kisha vilaini hadi wiki ya 4 au 6, na hapa Mchagga ana bahati: mtori wa ndizi zilizopondwa hadi zikalainika, nyama ikiwa imesagwa au kutolewa, ni chakula cha hospitali kuliko kingi kinachotoka jikoni mwa hospitali. Mayai laini, viazi vya kuponda, parachichi na samaki asiye na miiba vinafaa.

Mkate, chapati, nyama ya vipande na ugali mgumu ndivyo vinavyokwama, visubiri. Kula kidogo mara 5 au 6 kwa siku, ukitafuna taratibu. Vidonge vikubwa uliza kama vinaweza kusagwa. Wengi hupungua kilo kadhaa na hilo lisikutishe. Ukishindwa kumeza hata mate, rudi hospitali siku hiyohiyo. Na ikiwa baada ya miezi 3 bado vinakwama, mlango huenda umebana sana na unaweza kupanuliwa kwa kamera.

22. Siwezi kubeua tena, na tumbo linajaa gesi.

Mlango mpya unazuia asidi na unazuia hewa pia, kwa hiyo hewa hutokea chini. Acha soda, acha kunywa kwa mrija, acha kuzungumza huku unatafuna. Kwa wengi hupungua ndani ya miezi. Kutapika nako huwa kugumu, na kujikamua kutapika wiki za mwanzo kunaweza kufumua mishono. Ukipata kichefuchefu, omba dawa mapema.

23. Lini nitarudi kazini?

Kazi ya ofisini, wiki 2 hivi. Kunyanyua zaidi ya kilo 5, si kabla ya wiki 6, na kwa ngiri kubwa wapasuaji wengi hutaka miezi 3. Ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo 20, na mkungu wa ndizi unaweza kufika hapo. Mama aliyepasuliwa akirudi nyumbani, familia ipange nani atachota maji na nani atakata majani ya ng'ombe kabla hajatoka wodini. Tumeona kazi nzuri ya mpasuaji ikiharibika kwa sababu hakuna aliyejiuliza swali hilo.

24. Inaweza kurudi?

Ndiyo. Kwa ngiri kubwa, tafiti za miaka 5 zinaonyesha zaidi ya nusu ya wagonjwa wana ngiri fulani tena kwenye picha, wavu uwepo usiwepo. Lakini nyingi ni ndogo, hazileti dalili, na wanaopasuliwa tena ni wachache sana. Baadhi hurudia vidonge baada ya miaka. Ni vizuri kulijua hili kabla ya kusaini.

## Hali za pekee

25. Nina mimba, na kiungulia hakinipi usingizi.

Mtoto anasukuma mfuko juu, na homoni hulegeza mlango wa umio. Fuata swali la 13. Dawa za kutuliza asidi zipo zilizo salama, ila upewe kliniki, na zile za maji usizimeze pamoja na vidonge vya kuongeza damu kwani huvizuia visifyonzwe. Kwa walio wengi hali hutulia baada ya kujifungua. Upasuaji wa ngiri husubiri hadi ujifungue, isipokuwa ikiwa imejisokota.

26. Mzee wetu ana miaka 81, ngiri kubwa imeonekana kwenye eksirei ya kifua, na hana dalili yoyote. Apasuliwe?

Mara nyingi kumwangalia ni busara zaidi. Kwa ngiri isiyo na dalili, uwezekano wa kufikia hali ya dharura ni takribani mtu 1 kati ya 100 kwa mwaka, na katika umri huo upasuaji wenyewe una hatari zake. Lakini muulizeni vizuri. Wazee huacha kula nyama, hula nusu sahani, hulala wamekaa, kisha husema hawana shida. Kaeni naye mezani mlo mzima ndipo mseme hana dalili.

27. Ni lini nikimbie hospitali hata kama ni usiku wa manane?

Maumivu makali ya ghafla juu ya kitovu au kifuani kwa mtu mwenye ngiri, akijikamua kutapika na hakitoki kitu, ni dalili kwamba mfuko umejisokota na damu haipiti. Vivyo hivyo kutapika damu, choo cheusi chenye kizunguzungu, kushindwa kumeza mate, au kuhema kunakozidi.

Msimpe chakula, maji, wala dawa ya kutapisha. Msimkande. Chukueni ripoti ya endoskopi na picha zake, mpeleke hospitali yenye chumba cha upasuaji, na neno la kwanza mkifika mapokezi liwe: "Ana ngiri ya kiwambo, anajikamua na hatapiki." Sentensi hiyo inamfanya daktari wa zamu ajaribu kupitisha mpira wa puani na kumwita mpasuaji mara moja, badala ya kumchoma sindano ya vidonda vya tumbo na kumwambia asubiri asubuhi.